Foki Iliyolala Njiani

Sindano ya kujazia mpira wa miguu ipo pale pale nilipoiacha, kwenye msumari ulio kulia mwa dirisha. Tafadhali msiitupe. Nawajua ninyi vijana mliobaki na kibanda changu: kitu msichojua kazi yake mnakiuza kwa watu wa vyuma chakavu kabla chai haijapoa. Na ule ukanda wa shanga uliofungwa kwenye shingo ya pampu ya mkono, huo nao msiufungue. Mmeniuliza habari zake mara nyingi, na mara nyingi nimewajibu "kesho" kwa sababu mikono yangu ilikuwa na grisi. Sasa nimestaafu na mikono ni safi, safi kupita kiasi, hata sijui niiweke wapi. Basi nimeipa kalamu.

Nilifika Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka Makueni, na sikuja kuwa fundi. Nilikuja kuuza uji. Wachonga mawe wa machimboni walikuwa wanaamka na njaa, nami nilikuwa na baiskeli nyeusi ya marehemu baba, breki zake za vyuma, na mtungi wa uji niliouvisha gunia ili usipoe. Kitengela ya siku zile ilikuwa barabara ya lami ya kwenda Namanga, maduka machache pembeni yake, na baada ya hapo nyasi hadi macho yachoke. Pundamilia walikuwa wanatuangalia kama wenye nyumba wanaosubiri wapangaji wahame.

Asubuhi moja gurudumu la nyuma lilianza kuyumba mbele ya kibanda cha Mzee Wekesa. Mzee Wekesa alikuwa mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye mabega mapana na miwani iliyoshikwa na waya wa spoku. Alikuwa ametengeneza baiskeli za kubeba abiria kule mpakani Busia kwa miaka mingi, kisha mwanawe akapata kazi Nairobi, akapanga nyumba Kitengela, na mzee akaja kuishi naye. Kukaa sebuleni kulimshinda wiki ya kwanza tu. Akajenga kibanda.

"Nani alikaza hizi spoku?" aliniuliza, huku akizigonga kwa ukucha moja moja.

"Mimi."

"Wewe mwenyewe, mama?"

"Kwani nani mwingine analia uji ukimwagika?"

Alicheka hadi miwani ikateleza. Kisha akasema spoku za upande mmoja zilikuwa zinalia sauti moja, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye masikio. "Ukimaliza kuuza uji, kuja hapa. Niko na magurudumu ya kunyoosha na macho yangu yamechoka."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Sikurudi tena kwenye uji, ingawa wachonga mawe walinilaumu kwa muda mrefu, na wengine walileta baiskeli nzima kabisa ili tu waniulize kama bado najua kupika.

Mzee Wekesa alikuwa na desturi moja, na ndiyo kiini cha haya yote. Hakushika spana kabla hajafanya mambo matatu: kubonyeza, kusikiliza na kunusa. Alibonyeza baiskeli kwa kiganja kama mtu anayepima unga wa chapati. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Halafu aliinama, akaweka pua kwenye cheni, kwenye ekseli, kwenye mpira wa breki, akavuta pumzi. Grisi iliyoungua ina harufu yake, alisema, na maji yaliyoingia ndani ya bearing, penye gololi za gurudumu, yana harufu nyingine, kama sufuria iliyosahauliwa. Wapita njia walimcheka.

"Mzee, hiyo ni baiskeli, si mboga!"

"Ndiyo maana siweki chumvi," alijibu bila kuinua kichwa.

Mimi nami nilinusa. Mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa mazoea. Wateja wapya walikuwa wanafika, wananikuta nimechuchumaa pua yangu ikiwa kwenye pedali, wananiuliza, "Fundi ako wapi?" Nilikuwa nawajibu, "Unamwangalia." Wengine waliondoka. Wengi walirudi, kwa sababu kibanda kilichofuata kilikuwa mbali na jua la Kitengela halina adabu.

Katikati ya miaka hiyo ndipo foki ya kwanza ya upepo ilipoingia kibandani. Foki, kwa yeyote atakayesoma haya na si fundi, ni ule uma wa mbele unaoshika gurudumu. Foki za baiskeli zetu nyeusi zilikuwa chuma kitupu. Ukiingia shimoni, shimo linaingia mabegani mwako. Hii nyingine ilikuwa na miguu miwili ya kung'aa iliyozama ndani ya miguu mingine minene, na ndani yake kulikuwa na upepo badala ya springi. Ukigonga shimo, mguu unazama. Ukivuka, upepo unausukuma juu tena. Aliyeileta alikuwa kijana wa kizungu aliyekuwa anasafiri kwenda Namanga. Foki yake ilikuwa imelala chini kabisa, na alikuwa ameendesha hivyo tangu Athi River, kiwiliwili kimeinama mbele kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Mzee Wekesa alibonyeza. Alisikiliza. Alinusa kwa muda mrefu.

"Hakuna kitu kimeungua," alisema. "Hii haina ugonjwa. Iko na njaa."

Lakini mdomo wa kuilisha ulikuwa wapi? Valvu kama ya tairi haikuwepo. Juu ya kila mguu kulikuwa na kifuniko, na katikati ya kifuniko kiduara cha raba. Nilipokipangusa vumbi nikaona tundu dogo sana, jembamba, na nikalitambua. Ndugu zangu wote walicheza mpira. Tundu hilo nimelitemea mate utotoni zaidi ya mara moja. Nilivuka barabara hadi shule ya msingi nikamwomba mwalimu wa michezo sindano yake. Tuliilowesha, tukaiingiza polepole, tukapampu kwa mkono. Baiskeli ikainuka mbele yetu kama ndama anayejaribu miguu yake. Yule kijana alipiga makofi. Mzee Wekesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na nadhani siku ile ndiyo aliyoacha kuniita mama na kuanza kuniita fundi. Mwalimu wa michezo alinunua sindano nyingine. Ile hakurudishiwa, na kila alipopita alinikumbusha.

Baada ya hapo neno lilienea, na foki za upepo zikaanza kutufuata, nyingine zikiwa na valvu kama ya tairi. Siku zile baiskeli za mitumba za milimani zilikuwa zinaingia nchini kwa makontena, na nyingi za foki zao zilikuja zikiwa zimelala. Mojawapo ilikuwa imepinda mguu vibaya, haiponi. Nilitaka kuitupa.

"Weka juu ya dari," Mzee alisema. "Mguu umepinda, lakini raba za ndani ni nzuri."

Ikakaa darini, ikakusanya vumbi na viota vya mijusi.

Mteja wa pili ninayemkumbuka ni karani mmoja, mtu wa Vihiga, mpole, aliyepanga nyumba nyuma ya soko na kuendesha baiskeli hadi kazini Athi River akiwa na tai. Alifika akiwa anaisukuma baiskeli yake.

"Mama Kioko, foki yangu imegoma kushuka. Ni kama naendesha mlingoti."

"Uliijaza wapi?"

"Kwa kituo cha petroli."

"Kwa kompresa?"

"Si ni upepo tu, mama? Upepo uko na kabila?"

Vijana, tumbo la foki ni dogo. Kompresa ya kituo cha petroli imezoea tairi za lori. Kufumba na kufumbua macho imeshajaza, imeshapitiliza, na wakati mwingine imeshapasua. Tumieni pampu ya mkono, sukuma kidogo, bonyeza, sukuma kidogo. Mwenye baiskeli akikaa juu yake bila kuruka, foki ishuke kiasi, kama kiti kizuri kinavyompokea mgeni. Isiposhuka kabisa, punguza. Ikizama nusu, ongeza.

Na kabla ya kufungua foki yoyote, toeni upepo wote. Bonyeza pini ya valvu, sukuma usukani chini, subiri, bonyeza tena, kwa maana kuna upepo unaojificha. Siku ya yule karani, Mzee Wekesa aliibonyeza mara moja tu, kisha akaanza kufungua kifuniko. Kilitoka kwa mlio, kikapita katikati yetu watatu, kikagonga bati juu ya mlango. Ile alama mnayoona pale, mnayodhani ni ya mvua ya mawe, ndiyo hiyo. Karani alijitupa chini, tai na yote. Mzee aliangalia juu, akaangalia foki.

"Imetoka," alisema.

Alirudi Bungoma mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa sababu magoti yalikataa kuchuchumaa. Aliniachia kibanda, meza, na jiwe alilokuwa anakalia. Asubuhi ya kuondoka alinusa hewa ya Kitengela, vumbi la machimbo, moshi wa makaa, nyasi iliyonyeshewa mahali fulani mbali, akasema, "Haina ubaya." Hiyo ndiyo hotuba yake yote ya kwaheri.

Sasa nifike kwa Nashipae.

Alikuja kibandani katika miaka ya kwanza ya elfu mbili. Alikuwa msichana mrefu wa Isinya aliyekuwa amemaliza shule ya upili na kukosa la kufanya isipokuwa kufuata mbuzi wa mama yake, na alikuwa anawafuata kwa baiskeli. Baiskeli yenyewe aliachiwa na mgeni wa kanisa aliyekuwa anarudi kwao: nyekundu iliyofifia, na foki ya upepo mbele, miguu yake iking'aa kama vijiko vya harusi. Nilipomwona mara ya kwanza akishuka kutoka kwenye murram, ile barabara ya udongo mwekundu, vumbi likimfuata nyuma kama mkia, nilisimamisha spana. Kuna watu wanaoendesha baiskeli, na kuna wachache ambao baiskeli husahau kwamba wameipanda.

Kulikuwa na kocha, Kocha Odhiambo, aliyekuwa anatafuta waendeshaji wachache wa kuwapeleka kambi ya mazoezi huko milimani, wafundishwe na waingizwe kwenye timu. Aliwapima kwa mbio za murram kutoka Kajiado hadi Kitengela. Nashipae alikuwa amejaribu mara mbili. Mara zote mbili aliongoza mwanzoni, na mara zote mbili foki ililala akiwa njiani, usukani ukashuka, baiskeli ikaanza kumtupa mashimoni, akafika akiwa wa mwisho na viganja vimechubuka.

"Fundi, inatoka upepo," aliniambia. "Lakini nikifika hapa iko sawa ukiijaza. Inashika."

Alisema kweli. Niliijaza, nikapaka povu la sabuni kwenye valvu na kuzunguka sili, ile raba inayozuia upepo na oili pale miguu myembamba inapoingia kwenye minene. Hakuna hata tone la povu lililotikisika. Nikaiacha kwenye jua mchana kutwa, ikasimama. Nikaiendesha hadi kituo cha petroli na kurudi, ikasimama. Nikambadilishia pini ya valvu kwa sababu fundi lazima abadilishe kitu, nikamruhusu. Wiki iliyofuata akarudi akiwa ameinama mbele.

Safari hiyo Kocha Odhiambo alikuja naye. Alikuwa mtu mnene kidogo, mwenye saa ya kupimia mbio iliyoning'inia shingoni, na hakuwa mbaya.

"Mama Kioko, huyu msichana ana miguu sijawahi kuona," alisema. "Lakini siwezi kubeba mtu na baiskeli ya kulala. Jumamosi napima mara ya mwisho. Foki ikilala, nafasi nampa mwingine. Usinichukie."

"Sikuchukii, Kocha. Niachie baiskeli."

"Na mimi?" Nashipae aliuliza. "Nikirudi kwa mbuzi sasa, yeyo atasema hata yeye alijua."

Yeyo ni mama, kwa Kimaa. Alikuwa anamwogopa mama yake kidogo na kumpenda sana, na mama alikuwa amechukua muda mrefu kukubali kwamba binti anaweza kwenda mahali kwa ajili ya baiskeli.

Nilibaki na foki ile mezani. Nilibonyeza. Nilisikiliza. Sikunusa, kwa sababu wiki ile nilikuwa na mafua ya vumbi, pua imeziba kama choo cha stendi. Nilizunguka meza, nikakaa kwenye jiwe la Mzee Wekesa, nikasimama tena.

Aliyenisaidia ni Bosi. Bosi alikuwa mbwa wa bucha jirani, mnene, mvivu, asiyeinuka kwa jambo dogo. Adhuhuri ile aliinuka. Alikuja hadi kwenye meza yangu, akasimama kwa miguu ya nyuma, na akaanza kuilamba foki ya Nashipae kwa uangalifu wa mtu anayelamba kijiko cha asali. Nilimfukuza, akarudi. Nikaweka foki nyingine mbele yake. Akaitazama kwa dharau, akarudi kwa ile ile.

"Wee!" mwenye bucha alipiga kelele kutoka mlangoni kwake. "Hiyo baiskeli yako iko na mbavu?"

Nilimwita aje anuse kwa niaba yangu. Aliinama, akavuta pumzi, akainuka akicheka.

"Mama Kioko, hii ni mafuta ya kondoo. Mimi siwezi kosea. Tena ya mkia."

Nilitoa upepo wote, mara mbili na ya tatu, nikiangalia ile alama ya bati, kisha nikafungua. Kwenye mdomo wa sili, mahali kitambaa hakifiki, kulikuwa na mafuta yaliyoganda na vumbi jekundu. Ndani ya mafuta hayo, kipande kidogo sana cha kioo, chekundu, kikubwa kama chembe ya sukari. Nilikiweka kwenye kiganja. Hakuna kitu chochote cha kioo kwenye baiskeli. Nikapitisha ukucha kwenye ule mguu wa kung'aa, kutoka chini kwenda juu, polepole. Chini ulikuwa laini. Juu kabisa, karibu na kichwa cha foki, ukucha ukakwama. Ukakwama tena. Mikwaruzo mitatu myembamba, ya urefu wa punje ya mchele.

Hapo nikaelewa. Mikwaruzo ilikuwa juu sana. Ilifika kwenye sili pale tu foki ilipozama sana, yaani kwenye mashimo makubwa ya murram. Kila ikizama, upepo kidogo ulipenya kwenye mkwaruzo. Kibandani kwangu, na kwenye lami hadi kituo cha petroli, haikuwahi kuzama kiasi hicho. Shimo moja halikutosha kuilaza. Mashimo ya kutoka Kajiado yalitosha.

Nashipae alipofika jioni nilimfungulia kiganja. Aliangalia kipande kile cha kioo, kisha akaangalia chini.

"Ni shanga za yeyo," alisema.

Alinieleza. Siku mama yake alipokubali hatimaye, hakusema nimekubali. Alishona ukanda wa ngozi wenye shanga, akaulainisha kwa mafuta ya kondoo kama ngozi yoyote inavyolainishwa, na akaufunga kwenye miguu ile ya kung'aa, kwa sababu aliona haifai chuma kizuri hivyo kiende uchi mbele za watu. Kabla ya kila safari aliupaka mafuta upya.

"Na mbona sijawahi kuziona?"

"Anazitoa nikikuja kwako. Anasema mtu haendi hospitali na mapambo. Anapangusa pia, usione uchafu."

Sikujua kama nicheke au nilie, kwa hiyo nilipiga chafya. Foki ilipozama, ukanda ulibanwa juu, shanga zikasagika kwenye chuma. Mwanamke yule alikuwa ameipenda baiskeli kuliko ilivyoweza kustahimili.

Kazi ilikuwa hii. Nilipanda darini nikateremsha ile foki iliyopinda, nikafukuza mijusi, nikatoa sili zake. Zilikuwa saizi ile ile, nzuri kama Mzee alivyosema. Mikwaruzo ilibaki. Chuma hakioti tena, lakini kinaweza kujazwa. Nilisafisha kwa spiriti, nikaenda saluni ya jirani kuomba rangi ya kucha, ile ya wazi isiyo na rangi.

"Imeisha," msusi aliniambia. "Harusi ni nyingi mwezi huu. Iko tu nyekundu. Unaenda wapi, Mama Kioko?"

"Siendi. Ni ya foki."

"Haya. Foki inaolewa lini?"

Nilichukua nyekundu. Tone moja kwenye kila mkwaruzo, ikauke, tone jingine, ikauke. Kisha msasa laini kabisa uliolowa oili, kwa subira, hadi ukucha ukapita bila kukwama. Vijana, hiyo ndiyo dawa ya mkwaruzo mdogo, na msione haya kuingia saluni. Nilipomaliza, mguu wa foki ulikuwa unang'aa, na juu yake alama tatu nyekundu kama za kucha za paka.

Ijumaa niliipeleka mwenyewe hadi Isinya. Nilitaka kuongea na mama yake, kwa sababu foki nilikuwa nimeiponya, lakini ukanda bado ulikuwa nyumbani, unangojea, umepakwa mafuta. Na Nashipae hangeweza kumwambia yeyo.

Mama Nashipae alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba yake, ukanda magotini. Nilimsalimia, "Takwenya." Akaitika, "Iko." Akanipa kigoda na chai ya maziwa, na tukazungumza juu ya mvua kwanza, na mbuzi, kama inavyopasa. Kisha nikamwambia.

Aliuangalia ukanda magotini.

"Kwa hivyo ni mimi nilikuwa naangusha mtoto."

"Hapana, mama. Shanga ni nzuri. Pale mahali ndipo hapana. Hapo pana kazi ya kupanda na kushuka, hapataki kitu."

"Aende hivyo tu? Kama amefukuzwa nyumbani?" Alikuwa amekaza ukanda mikononi. "Wale wengine wataona hana mtu."

Nashipae alisimama kando ya baiskeli. Niliona wazi kwamba akilazimika kuchagua kati ya kambi na ukanda ule, angeuvaa ukanda na foki ilale. Mama yake akainuka, akaja kuangalia baiskeli, akainama karibu na ule mguu. Kidole chake kikasimama juu ya zile alama tatu.

"Na hii nyekundu?"

"Ni mimi."

"Ni rangi gani?"

"Ya kucha," nilisema. "Ya saluni."

Alinigeukia polepole, mikono kiunoni.

"Mama Kioko! Unakuja kwangu, unakunywa chai yangu, unaniambia nitoe yangu, na kumbe wewe umeshaweka yako!"

Nashipae ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama, kisha mimi, na pua yangu ikafunguka papo hapo. Nikasikia harufu ya maziwa, moshi na mafuta ya kondoo kwa mara ya kwanza wiki ile. Mama alipitisha kidole tena juu ya ile nyekundu. Ilikuwa laini. "Basi ana kitu," alisema. "Kidogo, lakini ana kitu."

Jumamosi tulisimama pamoja kando ya barabara Kitengela, mimi na yeye, na Bosi, ambaye hakualikwa. Waendeshaji walitokea kwenye vumbi mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mvulana wa Machakos. Wa pili alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, usukani uko juu mahali pake. Mama Nashipae hakupiga kelele. Alinishika mkono tu, kwa nguvu zaidi kadiri baiskeli ilivyokaribia.

Kocha Odhiambo hakuangalia saa yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli, akaweka viganja viwili kwenye usukani, akabonyeza kwa uzito wake wote. Foki ikazama. Akaachia. Ikainuka hadi juu, ikatulia.

"Pakia nguo," alimwambia Nashipae. "Jumatatu tunaondoka."

Mama yake alinigeukia, macho yanang'aa, akaninong'oneza kwa uhakika kamili:

"Unaona? Ni ile nyekundu."

Nilitaka kumweleza kuhusu sili za darini, kuhusu msasa na spiriti. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Halafu nikanusa hewa, vumbi, jasho, petroli, mbwa, nikasema, "Ni hiyo hiyo, mama."

"Ashe oleng," alisema, asante sana, na akautoa ukanda chini ya shuka lake, akautia mkononi mwangu. "Basi huu uvalishe ile inayompa upepo."

Ndipo nikaufunga kwenye pampu, na ndipo ulipo. Nashipae alipita hapa akiwa likizoni kutoka kambini, na alipita tena na tena baadaye akiwa na baiskeli nyingine bora zaidi, na kila mara mama yake alituma kichupa cha mafuta ya kuupaka. Sasa kazi hiyo ni yenu. Ngozi isikauke. Paka kidogo tu, kwa kitambaa, na ukimaliza pandisha pampu juu ya msumari wa juu kabisa, ule ninaoufikia kwa kusimama kwenye jiwe. Bosi alikufa zamani, lakini ameacha watoto.